Mpira wa Tenisi Wakati wa Baridi

Katika nchi zilizo karibu na ikweta, mchezaji wa tenisi huhofia mvua tu. Kaskazini mambo ni mengine kabisa. Mjini Belgrade, Serbia, halijoto ya wastani ya mwezi wa Januari huwa kati ya nyuzi 1 na 2 za Sentigredi, na mwishoni mwa Desemba mchana haufiki saa 9. Viwanja vya nje hufunikwa na theluji. Viwanja vya ndani, ambavyo havina budi kupashwa moto na kumulikwa kwa taa, hukodishwa kwa saa, tena kwa bei isiyomudiwa na kila mzazi. Mtoto asiyecheza tangu Novemba hadi Machi hupoteza zaidi ya theluthi moja ya mwaka, na miaka ya kujifunza mchezo huu si mingi.

Watu hudhani kwamba adui hapa ni ubaridi wa vidole. La hasha, mpira wenyewe hubadilika. Kanuni za kimataifa zinataka mpira, ukipimwa katika nyuzi 20 na kuangushwa juu ya saruji kutoka kimo cha sentimita 254, udunde hadi kati ya sentimita 135 na 147. Maana yake ni kwamba hata mpira mzima kabisa hupoteza zaidi ya asilimia 40 ya nishati yake katika mgongano mmoja, nayo hugeuka kuwa joto.

Kinachousukuma mpira urudi juu ni vitu viwili: gesi iliyofungiwa ndani na mpira wa ganda lake. Katika mpira mpya kanieneo ya gesi hukaribia mara mbili ya ile ya hewa ya nje. Halijoto ikishuka kutoka nyuzi 20 hadi 0, yaani kutoka 293 hadi 273 katika kipimo cha Kelvin, kanieneo hiyo hupungua kwa karibu asilimia 7. Kiasi hicho chaonekana kidogo. Lakini kinachofanya kazi ni ile ziada tu inayozidi hewa ya nje, na ziada hiyo hupungua kwa takriban sehemu moja katika saba. Ganda nalo, likipata baridi, huwa gumu na kumeza nishati zaidi kila linapobonyea. Mpira hudunda chini, na mchezaji hulazimika kuinama na kuupiga kwa nguvu zaidi. (Nairobi huonyesha kinyume chake: hewa ya nje ni nyepesi kwa sababu ya mwinuko, hivyo ziada huongezeka, na mpira uliotengenezwa kwa matumizi ya pwani huruka mno.)

Dawa ya kwanza haina gharama. Mipira ihifadhiwe ndani ya nyumba, isiachwe usiku kucha ndani ya gari au ghalani, na wakati wa mazoezi ile isiyotumika ikae mifukoni, ndani ya koti. Ganda hupitisha joto polepole, kwa hiyo mpira uliotolewa mfukoni huwa na muda wa kutumika kabla haujapoa. Isitoshe, ile nishati inayopotea katika kila pigo huupasha joto kidogo. Wacheza skwoshi hulijua jambo hili vizuri, kwani mpira wao haudundi sawasawa mpaka upigwe kwanza ukapata moto. Aidha, iko mipira isiyotiwa gesi ya ziada, inayotegemea unene wa ganda peke yake. Ni mizito mkononi na wengi hawaipendi, lakini haina gesi ya kuvuja, hivyo hudumu kwa muda mrefu zaidi.

Baada ya mpira, ukuta. Katika uwanja, mpira unaokwenda kwa wastani wa mita 15 kwa sekunde hutumia zaidi ya sekunde 3 kufika mstari wa nyuma wa upande wa pili na kurudi. Mchezaji aliyesimama mita 6 kutoka ukutani huupata tena baada ya sekunde 1 hivi. Kwa muda uleule hupiga mara tatu zaidi, wala halipi kitu. Hapa mpira uliochakaa, ambao uwanjani ungetupwa, unafaa kuliko mpya, maana hurudi polepole na kumpa nafasi ya kupanga miguu. Mstari wa chokaa uchorwe ukutani juu kidogo ya sentimita 91, kimo cha wavu katikati ya uwanja.

Ana Ivanović, aliyezaliwa Belgrade mwaka 1987, alipata suluhisho jingine. Wakati wa baridi alifanya mazoezi ndani ya bwawa la kuogelea lililotolewa maji na kutandikwa zulia. Kuta za bwawa zilikuwa karibu mno na pande za uwanja, hata mipira ya mshazari haikuwezekana. Ikabidi apige moja kwa moja, sambamba na mstari wa pembeni. Mwezi wa Juni 2008 alishinda mashindano ya Ufaransa na kuwa wa kwanza duniani.

Ukuta hata hivyo una upungufu: haumwanzishii mtu mpira, wala haumdanganyi kwa mzunguko wa ghafla. Kwa mafunzo hayo saa ya uwanja wa ndani haikwepeki, na familia nyingi huinunua kwa kuchangiana, watoto wanne wakigawana uwanja mmoja.