Je, Wajua? Mzimu wa Bwana Msa haukuwahi kuua mtu

Riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale ya Mzanzibari Muhammed Said Abdulla ilishinda shindano la uandishi la 1957/58 na kuchapishwa 1960. Jina linatisha, maiti inaokotwa kwenye mzimu wenyewe, lakini Bwana Msa, mpelelezi mvuta kiko, anamtafuta muuaji mwenye mikono na miguu. Kisima cha Giningi (1968) kimefuata njia hiyo hiyo, na kwa Wazanzibari wengi kutaja Giningi tu ni kutaja mkutano wa wachawi.

Ipi bora? Kwa hofu, mimi naipa Mzimu. Anayependa vitisho hadi mwisho atalalamika kwamba Bwana Msa huwasha taa mapema mno, na hana kosa. Kwa kutisha, naiweka mkiani Mke Mmoja Waume Watatu (1975), kwani tangu jalada inaahidi mambo ya unyumba. Duniani Kuna Watu (1973) ina watetezi wake. Wabishane nayo wenyewe.

Lakini ukizisomea Nyahanga, pale Kahama, hofu ina uzito mwingine. Mkoani Shinyanga vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, mara nyingine kwa sababu ya macho mekundu tu. Wekundu huo huletwa na moshi wa miaka mingi jikoni, hasa wa kinyesi cha ng'ombe kinachochomwa kuni zikiadimika. Bwana Msa angeanzia kwenye mafiga.