Kuvu Liingialo Ubongoni



Sote twajua karafuu mbichi zikirundikwa bila ya kuanikwa hufanya kuvu, na bei yake hupotea. Liko kuvu jingine, liuwalo watu, na khabari zake hazisemwi sana.

Jina lake ni kriptokokasi. Hukaa katika udongo na mavi ya ndege, hasa njiwa, na watu wengi hulivuta pamoja na vumbi wasidhurike. Lakini kwa mwenye virusi vya UKIMWI ambaye askari wa mwili wake, ndio hao waitwao seli za CD4, wamepungua sana, kuvu hutoka mapafuni likaingia damuni, kisha likafika ubongoni. Hapo huja maumivu ya kichwa yasiyokoma, homa, kutapika, na shingo kukakamaa. Asipotibiwa hufa. Wala mtu hamwambukizi mwenziwe kuvu hili, basi hapana haja ya kumtenga mgonjwa kwa sahani wala kwa mkeka.

Alama ya kuvu huonekana katika damu wiki kadhaa kabla ya kichwa kuanza kuuma. Kipimo chake ni kijikaratasi tu. Hutaka damu kidogo, na jawabu hupatikana kwa dakika kama kumi. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilishauri kuwa mtu mzima mwenye CD4 chini ya 100 apimwe kabla ya kuanza dawa za UKIMWI au kuzirudia, na hata aliye chini ya 200 yafaa apimwe. Akionekana nalo, hutazamwa maji ya uti wa mgongo. Wako waiogopao sindano hiyo wakidhani ndiyo iuwayo. Kiuwacho ni kuchelewa. Likiwa halijafika ubongoni, mgonjwa hupewa vidonge vya flukonazoli kwa miezi kadhaa.

Faida yake ilionekana Dar es Salaam na Lusaka, katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2015. Wagonjwa 1,999 wenye CD4 chini ya 200 waligawanywa mafungu mawili. Waliotunzwa kama kawaida, walikufa kiasi cha 18 katika kila 100 kwa mwaka mmoja. Waliopimwa kuvu na kutembelewa majumbani wiki za mwanzo, 13. Na waliowatembelea hawakuwa madaktari, bali watu wa kawaida waliofundishwa.

Sasa msimu. Mchumaji huhamia kambini wiki nyingi, dawa zikamwishia, akaona haya kuomba ruhusa. Mwenye shamba, ukiombwa ruhusa ya kwenda kliniki, itoe. Usiulize maradhi gani, wala usimtangaze mtu mbele ya wenziwe.

Aliyekatiza dawa aende aseme wazi kliniki, aulize CD4 yake ni ngapi, na ikiwa chini ya 200 akitaje kipimo hiki mwenyewe. Na mwenye virusi ambaye kichwa kinamuuma bila ya kukoma asingoje tarehe yake ya kliniki, wala karafuu zilizobaki mtini. Apelekwe hospitali siku ile ile.

Katibu