Chombo cha Majini na Chombo cha Angani: Kumfundisha Mhudumu wa Ndege kwa Kiswahili cha Uvira

Kabla ndege haijajulikana, neno rubani, lenye asili ya Kiarabu, lilikuwa la mabaharia: ndiye mjuzi wa njia aliyekiongoza chombo kati ya miamba hadi bandarini. Ndege ilipofika, neno likapaa nayo. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa usukani na shehena. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba elimu ya awali anayopewa mhudumu mpya wa ndege yaweza kuelezwa kwa Kiswahili anachokielewa mtu wa Uvira, Makobola au Baraka. Na kwamba maelezo yanaposhindwa, mara nyingi kasoro haimo katika uhaba wa istilahi bali katika mpangilio wa sentensi.

Tuanze na hewa. Uso wa Ziwa Tanganyika uko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Msafiri atokaye Uvira kwenda Bukavu kwa gari hupanda mteremko wa Ngomo, na huko masikio humziba mpaka ameze mate. Sababu ni kwamba hewa ina uzito, na kadiri mtu apandavyo ndivyo hewa iliyo juu yake inavyopungua na kukandamiza kidogo zaidi. Kwenye kimo cha mita 10,000 kanieneo ya hewa ni kama robo tu ya ile ya pwani. Kwa hiyo chumba cha abiria hushindiliwa hewa, lakini si hadi kiwango cha ziwani. Hali ya ndani yaweza kufanana na ya mlima wa mita 2,400. Masikio ya abiria basi yanapata yale yale ya Ngomo, na taabu huzidi ndege inaposhuka. Mama mwenye mtoto mchanga ashauriwe kumnyonyesha wakati huo.

Ikiwa hewa hiyo itavuja ghafla, barakoa za oksijeni hushuka kutoka juu ya viti. Katika kimo kikubwa mtu mzima huenda asibaki na fahamu zake kwa dakika moja. Ndiyo maana ya agizo "Vaa yako kwanza, kisha mvishe mtoto." Agizo hili linagongana na adabu: mama gani ajihudumie kabla ya mwanawe? Likitamkwa bila sababu laonekana kama ukosefu wa utu. Likiongezewa maneno machache, "usije ukazimia kabla hujamsaidia," mama atalipima kwa akili yake mwenyewe na kulikubali.

Kuhusu uzito, mtu wa ziwani hahitaji mwalimu. Anajua kwamba shehena ya boti hupangwa, haitupwi tu, na kwamba abiria wote wakikimbilia upande mmoja chombo hupinduka. Ndege nayo ina mahali uzito wake wote unapolalia, na mahali hapo pakisogea mno mbele, usukani wa mkiani hushindwa kuinua pua. Tarehe 25 Agosti 2010 ndege ndogo aina ya Let L-410 ilianguka ikikaribia kutua Bandundu, magharibi mwa Kongo. Walikuwamo watu 21, wakafa 20. Kwa simulizi la manusura, mamba aliyefichwa katika mfuko alichomoka, mhudumu akakimbilia kwa rubani, na abiria wakamfuata. Mamba si mgeni kwa watu wa Ruzizi, wala msomaji wa Uvira hatashangaa kwamba watu walikimbia. La kuzingatia ni kwamba mhudumu ndiye aliyetangulia. Neno "Kaeni!" ambalo mwenye boti hulipaza kila siku ndilo lililohitajika.

Jambo la mwisho, na zito zaidi kwa mwanaisimu, ni jaketi ya kuokolea, ambayo wenye kuchanganya Kifaransa huiita jile. Tarehe 23 Novemba 1996 ndege ya Ethiopia iliyokuwa ikielekea Nairobi ilitekwa nyara, ikaishiwa mafuta na kutua baharini karibu na Ngazidja. Kati ya watu 175 walikufa 125. Miongoni mwao walikuwamo abiria waliojaza hewa jaketi zao wakiwa bado ndani: maji yalipoingia, jaketi ziliwaelea hadi darini, nao hawakuweza kupiga mbizi kuufikia mlango.

Tangazo la kawaida, likifasiriwa neno kwa neno, husema: "Usijaze hewa kabla hujatoka." Kisarufi halina kosa. Lakini lina vikanushi viwili, na kile kinachobeba uhai wa msikilizaji ni silabi mbili nyepesi mwanzoni, u na si. Kelele za injini zikizimeza, kinachobaki masikioni ni "jaze hewa". Aidha, kitendo cha pili kwa wakati kimetajwa kwanza, na mwenye hofu hufanya kwanza alichosikia kwanza. Afadhali sentensi zifuate mwendo wa miguu: "Vaa jaketi. Nenda mlangoni. Ukishafika mlangoni, vuta kamba, uruke." Hakuna istilahi mpya hata moja hapo, na kila neno lafahamika katika gati la Kalundu.