Kidole cha juu cha mtoto wa mbwa: ukikate au ukiache?

Umepata mtoto wa mbwa? Shika mguu wake wa mbele, angalia upande wa ndani, juu kidogo ya unyayo. Utaona kidole kifupi chenye ukucha, kimekaa peke yake na hakigusi chini akiwa amesimama. Kwa mbwa, hicho ndicho kidole gumba.

Ukiuliza mtaani utapewa ushauri wa kila aina. Mmoja atakwambia kikate mapema kabla hajakua. Mwingine atakwambia mbwa wa maana hana kidole hicho. Na kama huyo mtoto wa mbwa ni chotara wa German Shepherd uliyemchukua kwa ajili ya kulinda nyumba au duka, huenda muuzaji naye ana la kwake.

Kabla hujakubali, soma hapa. Kukata kidole ni operesheni. Kikishatoka, hakirudi.

JIBU FUPI

- Kidole cha mguu wa mbele ambacho ni kizima: kiache.
- Kidole cha mguu wa nyuma ambacho kimeshika vizuri: kiache, ila punguza ukucha wake.
- Kidole cha nyuma kinachoning'inia na kunasa kila mara: muone daktari wa wanyama.
- Wembe, kisu au mkasi nyumbani: hapana kabisa.

Sasa tuone kwa nini.

KIDOLE CHA MBELE KINA KAZI

Watu wengi wanadhani kidole hiki ni pambo tu kwa sababu hakikanyagi ardhi. Si kweli. Kile cha mguu wa mbele kina mfupa, kina kiungo, na kimeunganishwa na misuli ya mguu kwa kano, kama kidole chako cha gumba.

Mbwa akitembea taratibu hutaona kazi yake. Muangalie akikimbia kwa kasi na kukata kona: mguu wa mbele unalala, kidole kile kinagusa ardhi na kusaidia kifundo kisijipinde. Muangalie akitafuna mfupa: anaushika kwa miguu miwili ya mbele, na vidole hivyo vinauzuia usiteleze.

Kwa sisi wa kando ya Ziwa Victoria kuna sababu ya ziada. Mbwa wa huku wanaingia majini, wanapanda mawe, wanaruka kwenye mitumbwi iliyovutwa ufukweni. Mbwa anayejivuta kutoka kwenye maji kupanda jiwe linaloteleza anahitaji kila ukucha alionao.

Ni kweli kidole hicho kinaweza kuumia. Ukucha unaweza kunasa kwenye wavu au kwenye uzio na kung'oka. Lakini kucha nyingine za mbwa nazo zinaumia, na hakuna anayezikata zote kwa kuhofia ajali ambayo haijatokea.

KIDOLE CHA NYUMA NI HADITHI NYINGINE

Mbwa wengi hawana kabisa kidole hiki kwenye miguu ya nyuma. Wachache wanazaliwa nacho, na baadhi yao wanacho viwili viwili kwenye mguu mmoja.

Hapa ndipo unatakiwa kupapasa. Shika kidole kwa upole, kisogeze kidogo. Ukisikia mfupa na kinarudi mahali pake, kimeshika. Kama kinayumba huku na kule kama hereni, kimeshikiliwa na ngozi tu. Hicho cha pili ndicho kinachoweza kunasa kwenye majani, kamba au nyavu na kuchanika.

Hata hivyo, kulegea peke yake si sababu ya kukimbilia operesheni. Jiulize: kimeshawahi kuchanika? Kinanasa mara kwa mara? Ukucha wake unakua kwa kujikunja na kumchoma? Kama jibu ni ndiyo, nenda kwa daktari. Kama ni hapana, endelea kumuangalia na kupunguza ukucha.

"LAKINI MBWA WA MBEGU WANAKATWA"

Hoja hii ina ukweli nusu. Vyama vya wafugaji wa mbwa wa mbegu vina vigezo vya muonekano kwa ajili ya maonyesho. American Kennel Club ya Marekani, kwa mfano, inasema German Shepherd anaweza kuondolewa vidole vya mbele, lakini kwa kawaida huachwa. Vya nyuma, kama vipo, ndivyo vinavyotakiwa viondolewe.

Ukienda Ufaransa mambo yanageuka. Mbwa wa mbegu ya Beauceron na Briard wanatakiwa wawe na vidole viwili vya juu kwenye kila mguu wa nyuma. Akikosa, anahesabiwa ana kasoro.

Umeona? Kitu kile kile, huku kinaondolewa, kule kinadaiwa. Hivyo ni vigezo vya urembo wa maonyesho, si vya afya. Mbwa wako anayelinda geti Busisi haendi kwenye maonyesho.

KWA NINI WEMBE NI HATARI

Wapo wanaosema mtoto wa mbwa wa siku tatu hasikii maumivu, kwa hiyo unakata tu. Anasikia. Ana mishipa ya fahamu kama wewe, ila hawezi kukimbia.

Tena ni mdogo sana. Damu inayoonekana kidogo kwako ni nyingi kwake. Kidonda kibichi kwenye sakafu ya udongo au matope ya msimu wa mvua ni njia ya wazi ya vijidudu. Na ukikata vibaya ukaacha kipande cha mzizi wa ukucha, ukucha unaweza kuota tena ukiwa umepinda, ndani ya kovu.

Kuna suala la sheria pia. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayokataza kumtesa mnyama bila sababu. Mbwa ni mnyama mbele ya sheria hiyo, awe wa mbegu au wa kienyeji.

KAMA KWELI LAZIMA KIKATWE

Kuna nyakati mbili ambazo madaktari hufanya kazi hii. Ya kwanza ni siku chache tu baada ya kuzaliwa, kwa kawaida siku ya 3 hadi ya 5. Ukimchukua mtoto wa mbwa wa miezi miwili, wakati huo umeshapita.

Ya pili ni akiwa amekua kiasi cha kustahimili dawa ya usingizi. Hapo wengi huunganisha na operesheni ya kumfunga uzazi, ili alale mara moja tu na gharama ya dawa ya usingizi iwe moja.

Muulize daktari maswali haya kabla hujalipa:

1. Wewe umesajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania?
2. Utatumia dawa gani ya usingizi au ganzi?
3. Atapewa dawa ya maumivu baada ya hapo?
4. Nimrudishe lini uangalie kidonda na kutoa nyuzi?

Akikwambia "hahitaji ganzi, ni dakika moja tu" kwa mbwa wa miezi miwili au zaidi, mchukue mbwa wako uondoke.

Baada ya operesheni, mbwa akae sehemu kavu, asikimbie ovyo, na asilambe kidonda. Nyuzi hutolewa baada ya siku 10 hadi 14 hivi. Ukiona uvimbe, usaha, harufu au hali chakula, mrudishe. Na usimpe dawa za maumivu za binadamu. Parasetamo, ibuprofeni na diklofenaki zinaweza kumuua mbwa.

KAZI YAKO HALISI: KUCHA

Tatizo kubwa la kidole cha juu si kidole chenyewe, ni ukucha wake kusahaulika. Kucha nyingine zinasagika akitembea kwenye mawe na lami. Huu haugusi chini, kwa hiyo unakua tu, unajikunja, na mwisho unaweza kuzama kwenye nyama.

Uangalie kila wiki mbili na upunguze ncha kila baada ya wiki tatu au nne. Tumia kikata kucha chenye makali, kata kidogo kidogo. Ndani ya ukucha kuna mshipa wa damu. Kama ukucha ni mweusi huwezi kuuona, kwa hiyo kata ncha tu. Damu ikitoka, usipaniki. Bandika unga wa ngano kidogo, gandamiza kwa kitambaa safi dakika chache.

Anza akiwa mdogo. Mshike miguu kila siku, hata kama hukati, azoee. Mbwa mkubwa ambaye hajawahi kushikwa miguu atakung'ata.

HELA YAKO IANZIE WAPI?

Hapa ndipo penye uzito. Kama una bajeti ya kitu kimoja tu mwaka huu, isiwe kidole. Iwe chanjo ya kichaa cha mbwa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia. Karibu maambukizi yote kwa binadamu, hadi asilimia 99, hutokana na mbwa, na watoto chini ya miaka 15 ni sehemu kubwa ya waathirika. Dalili zikishaanza kwa mtu, kupona ni karibu hakuna.

Mtoto wa mbwa huchanjwa akifikisha miezi mitatu, kisha anarudiwa kama daktari atakavyoelekeza, mara nyingi kila mwaka. Ukiwa Busisi, anzia kwa afisa mifugo wa kata au ofisi ya mifugo ya Halmashauri ya Sengerema. Fuatilia pia matangazo ya kampeni za chanjo kila inapokaribia Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani.

Na kama unahitaji daktari wa Mwanza mjini, kisingizio cha foleni ya kivuko hakipo tena. Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilizinduliwa Juni 19, 2025. Mbwa mweke kwenye boksi lenye matundu ya hewa, panda gari, vuka.

Mtu akiumwa na mbwa, osha kidonda kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, halafu kituo cha afya siku hiyo hiyo. Usisubiri uone kama mbwa ataugua.

Kwa hiyo leo jioni mshike mbwa wako miguu yote minne. Hesabu vidole, angalia kucha, papasa vya nyuma. Kama vyote vimeshika na havina kidonda, hakuna cha kukata zaidi ya ncha ya ukucha. Kadi ya chanjo je, unayo?