Boss, 4050 Ni 4050

Bro wangu mdogo ameitwa campo kusomea kuchora majumba. Wiki hiyo hiyo zamu ya mathe kwa chama ikafika, akatoa 60K, akanipea akisema, "Mpeleke tao umtafutie lapi. Wewe ndio hujua hizo vitu."

Kujua najua, lakini nilijulia kwa moto. Lapi yangu ya kwanza nilicheki kila kitu, nikasahau kioo. RAM fiti, prosesa fiti, bei tamu hadi nikajiona mjanja. Kidogo nikashuti ruracio moja huko Murang'a, nikajifungia keja siku nne nikiediti. Nyuso za wazee zilikuwa zimepauka, nikaongeza wekundu. Bado zimepauka, nikaongeza tena. Video kufika kwa simu ya klaenti, wajomba wote wamegeuka nyanya. Kuna mzae mmoja alikaa ni kama ametolewa kwa jiko. Nilirudia hiyo kazi bure, na fare ya kupeleka flashi ikatoka kwa mfuko yangu.

Kumbe kile kioo kilikuwa cha 45% NTSC. Hiyo namba hawaibandiki kwa stika, ju ikibandikwa hutanunua. Maanake ni kioo inakuonyesha kama thuluthi mbili tu ya rangi za sRGB, na sRGB ndio kipimo cha karibu kila kitu unaona kwa net. Zenye zimebaki unakisia. Ukitaka kioo ya kufanyia kazi ya rangi, uliza 100% sRGB, ama 72% NTSC, ni maji yale yale kwa glasi tofauti.

So tukaingia Luthuli mimi na bro, saa saba mchana, jua kwa utosi. Hiyo saa niliichagua.

Duka ya kwanza bro akaganda. Kulikuwa na lapi ya gemu, kibodi inawaka rangi kama nganya ya Rongai, RTX 4050, 125K. Nikamkumbusha tuko na 60. Akanishow tunaweza lipa mos mos. Nikaona wacha nimalize hiyo ndoto polepole, nikauliza msee wa duka: "Hii kadi ni ya wati ngapi?"

"Ni 4050."

"Ndio, lakini imewekwa wati ngapi?"

"Boss, 4050 ni 4050."

Zii, si hivyo. NVIDIA wenyewe wameachia watengenezaji wa lapi waiweke popote kati ya wati 35 na 115. Lapi mbili zinaweza kuwa na stika moja, jina moja, moja inakimbia na ingine inapanda mlima na gia ya kwanza. Ile nyembamba, ile inakaa poa kwa meza ya kahawa, mara mingi ndio imenyimwa umeme, ju haina mahali ya kupumua. Na hiyo ya 125K nilipocheki makaratasi yake, kioo ni 144Hz, nits 250, rangi 45%. Yaani gari ya rally imewekewa kioo ya mbele ya mkokoteni. Chaja nayo ni tofali, na bila hiyo tofali hufiki lunch.

Halafu kuna hii kitu: first year ya kuchora majumba ni penseli na karatasi mingi. Akifika kwa Revit, hiyo inadai prosesa na RAM kuliko kadi. Kadi atailia akianza kurenda na vitu kama Lumion, na hapo bado iko mbali. Hiyo pesa ikae.

Tukahamia kwa ex-UK. Kuna watu huonea ex-UK aibu, sijui kwa nini. Hizi ni lapi za ofisi, zimejengwa zivumilie wafanyikazi. Ila uangalie umri. Windows 10 ilikatiwa sapoti Oktoba 14, 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka jenereshen ya 8 kwenda juu. Ukiuziwa ya 6 ama ya 7 kwa bei ya mtumba, jua kwa nini.

Tukapata HP EliteBook 840 G8 mbili, zote jenereshen ya 11, zimekaa pamoja kama mapacha. Moja 54K, ingine 50K. "Hii ya 54 ni nits elfu moja," msee akatuambia, na hakudanganya. Nit moja ni kama mwanga wa mshumaa mmoja kwa mita moja mraba, so hapo umewashiwa kanisa nzima. Nikaibeba hadi kwa mlango, jua ikiipiga. Nikiwa mbele yake, kali. Bro akasimama kando, akasema, "Mbona mi naona giza?" Hiyo ni Sure View, kioo ya kuficha siri za ofisi. Iko na kitufe ya kuzima, lakini hata ukizima, pembeni haikai sawa. Msee anachora na darasa inamchungulia begani, hiyo ni ya nini?

Ya 50K ilikuwa nits 400. Nikafungua picha nyeupe tupu ikajaa kioo, nikatafuta doa. Nikaweka nyeusi, nikacheki kona kama mwanga unavuja. Nikaweka picha ya bro mwenyewe na ya simu kando yake. Sura ni moja. Alikaa bro, hakukaa nyanya.

Shida ikabaki moja. Kwa Device Manager ilikuwa imeandikwa Intel UHD Graphics, na mi najua hiyo chip ni Iris Xe. RAM ilikuwa kijiti moja ya 8GB. Nikamwambia msee aongeze ingine ya 8, tukabishana dakika kumi, tukafunga kwa 53K yote pamoja. Fundi akafungua chini, akachomeka, akafunga. Kuwasha, jina limebadilika: Iris Xe. Hiyo chip haina memori yake, inakunywa kwa RAM, na ukiipea mrija moja inajiita jina la chini na inafanya kazi ya chini.

Msee wa duka akainama hadi pua ikakaribia kioo. Akasoma. Akasoma tena.

"Manze," akasema, "hii ningekuuzia 60."

Lakini risiti bro alikuwa ashaweka kwa soksi.