Makaburi ya Kale Karibu na Nakuru

Wako watu wasafirio mbali ili kutazama makaburi. Huko Genoa, katika nchi ya Italia, yapo makaburi ya Staglieno, yaliyofunguliwa mwaka 1851, na wageni huenda kustaajabia malaika waliochongwa kwa marumaru. Lakini msafiri apitaye chini ya mlima Longonot, akaendelea mpaka Naivasha na Gilgil, atafika kwenye makaburi yaliyo ya kale zaidi kwa maelfu ya miaka, wala hapana malaika hata mmoja.

Makaburi hayo yako Hyrax Hill, yaani Kilima cha Pimbi, umbali wa kilometa 4 hivi kabla ya mji wa Nakuru. Bibi Mary Leakey alichimba hapo mwaka 1937 na 1938, akawakuta wafu wamelazwa miguu imekunjwa. Wanawake walikuwa wamewekewa sahani za mawe, wanaume hawakuwekewa.

Katika pango la mto Njoro, lililochimbwa mwaka 1938, desturi ilikuwa nyingine. Wafu, wapatao 80 hivi, walichomwa moto, na wanaume kwa wanawake waliwekewa bakuli la jiwe, mchi na jiwe la kusagia, pamoja na shanga za mawe ya rangi. Tena, ajabu ni kwamba moto huo huo uligeuza chombo cha mti chenye nakshi kuwa makaa, na kwa hiyo hakikuoza.

Kuchonga bakuli katika jiwe si kazi ya siku moja. Aliyemwachia mfu wake chombo cha namna hiyo hakumheshimu kidogo kuliko mtu anunuaye malaika wa marumaru.

Basi, ndugu msomaji, ukiona shambani rundo la mawe la kale, usilibomoe kwa kujengea ukuta, wala usichimbe kutafuta fedha. Sahani iliyokwisha kuondolewa ni jiwe tu. Ikiwa ingali kando ya mifupa, wataalamu hujua ilikuwa ya nani na iliwekwa kwa desturi gani. Sheria ya mwaka 2006 yakataza kuchimba bila kibali, nayo yaagiza kwamba vitu vya kale vikionekana habari zipelekwe kwa wakuu.

Kilimani pana nyumba ya makumbusho, iliyofunguliwa mwaka 1965 katika nyumba ya shamba ya zamani. Mgeni asirudi kabla ya kuonyeshwa bao lililochongwa mwambani, mashimo yake yangali yakionekana.