Barua Pepe Zikijaa, Majibu ya Daktari Hupotea

Je, barua pepe zimekurundikia? Jihadhari. Akaunti ya bure ya Google hubeba gigabaiti 15 pekee, picha na faili zako zikiwemo. Ikijaa, barua mpya haziingii. Huenda moja ni majibu ya maabara. Ukiwa Kakamega na daktari wako yuko Eldoret, barua iliyopotea ni nauli na siku nzima barabarani.

Tenga dakika kumi kila jioni. Kwanza, futa matangazo na ujiondoe katika orodha za wanaoyatuma. Pili, weka barua za hospitali na bima mahali pamoja. Tatu, futa zilizobeba video kubwa. Kumbuka, ulizofuta hukaa kwenye pipa la taka siku 30, kisha hazirudi tena. Lichungue kwanza.